Kondoo wa Wazee na Msalaba wa Wamisionari

Historia ya dini ya Kikristo katika nchi ya Meru na Embu, kama inavyosimuliwa siku za jubilei na katika vijitabu vya makanisa, huwa ni historia ya majengo: shule ya Kigari, hospitali ya Chogoria, parokia ya Mujwa, kanisa la Kaaga. Ni halali kuisimulia hivyo, maana majengo hayo yameponya na kuelimisha umati wa watu. Lakini iko historia nyingine isiyoandikwa juu ya jiwe lolote la msingi, nayo ni historia ya swali ambalo mahubiri ya msalaba yaliliamsha katika nchi iliyokuwa na ilimu yake yenyewe ya kafara: ikiwa Mungu ni mwema na ana uwezo wa kusamehe apendavyo, kwa nini adai damu ya asiye na hatia ndipo awasamehe wenye hatia? Wako wanaolihesabu swali hili kuwa ni kufuru iliyoletwa na vitabu vya wazungu wasioamini. Mimi nashikilia kwamba ni swali la heshima, la kale kuliko makanisa yetu, na kwamba vilima vya Mlima Kenya vilikuwa na haki zaidi ya kuliuliza kuliko mahali pengi duniani.

Kabla Waingereza hawajaivamia Embu mwaka 1906, na kabla E. B. Horne, ambaye watu walimwita Kangangi, hajaweka boma lake Meru mwaka 1908, ibada ya nchi ilikuwa mikononi mwa wazee. Waembu walimwomba Mwene Njeru, Wameru walimwomba Murungu, na wote walilitaja pia jina la Ngai. Mvua ilipokatika au maradhi yalipoingia, wazee walioruhusiwa na umri na mwenendo wao walikwenda katika kichaka kitakatifu, penye mti wa mugumo ambao hapana mtu aliyethubutu kuukata tawi, kama kile kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes ambako Waembu husimulia kuwa ndiko ilikoanzia jamaa yao, wakachinja kondoo wa rangi moja asiye na kilema. Fungu moja liliachwa pale kuwa haki ya Mungu, na nyama iliyosalia ikachomwa na kuliwa na wale waliokusanyika.

Yafaa tutue hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kondoo yule hakuhukumiwa. Hakuna mzee aliyeweka mkono juu yake akasema kwamba fimbo iliyostahili kutupiga sisi na ikupige wewe, wala hakuna aliyedhani kwamba Mwene Njeru alikuwa na ghadhabu isiyoweza kutulia mpaka ione kiumbe kikiteseka. Kondoo alitolewa kuwa ni hidaya, na nyama yake ikawa karamu iliyowakutanisha walio hai, waliotangulia na Mwenyezi Mungu mahali pamoja. Hata mtu mmoja mmoja aliyevunja mwiko akahesabiwa najisi alitakaswa kwa mbuzi aliyemtoa yeye mwenyewe, si aliyetolewa na mwingine asiyejua kosa; naye aliyemwaga damu alilipiwa mifugo na jamaa yake, kwa kuwa damu ilikuwa deni la ukoo mzima, na mifugo ile ilikwenda kwa nyumba iliyofiwa ili iinuke tena. Kwa hiyo kulipiwa deni na mwingine hakukuwa jambo geni kwa watu hawa. Lililokuwa geni ni mwingine kuadhibiwa badala ya mkosaji, na adhabu hiyo kuitwa haki.

Wala hawakukosa habari ya wanadamu waliojitoa nafsi zao. Wameru husimulia kwamba walitoka Mbwaa, katika pwani au kisiwa cha mashariki, walikotawaliwa kwa jeuri na watu waitwao Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu, ambao waliwapa mitihani isiyowezekana, hata wakadai mkuki wa kufika mbinguni. Usiku mmoja wakatoroka wakiongozwa na Koomenjue, na walipofika penye maji makuu, watu watatu, Gaita, Muthetu na Kiuna, walijitolea wenyewe kuwa dhabihu ili kaumu ipate kuvuka. Na majina yao yamebaki kuwa majina ya koo hadi leo. Katika masimulizi hayo waliodai mateso walikuwa madhalimu wa Mbwaa, na Mungu alisimama upande wa wale waliokuwa wakikimbia. Mtu aliyelelewa katika habari hiyo anapoambiwa kwamba mmoja alikufa ili wengi wavuke, haoni ajabu, bali hulia machozi ya shukrani. Anapoambiwa kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyehitaji kifo hicho kabla ya kuwa radhi, huinua kichwa na kuuliza.

Mlinzi wa baraka za Wameru alikuwa Mugwe, ambaye padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata alimwandikia kitabu kilichotoka mwaka 1959. Mugwe aliificha kwa nguo mkono wake wa kushoto, mkono wenye nguvu za baraka, na kazi yake ilikuwa kubariki, si kukaripia. Toleo la kwanza la kitabu hicho lilimwita nabii anayefifia, na lile la Nairobi la mwaka 1989 likamwita nabii wa baraka; naona katika badiliko hilo dalili njema ya mwanachuoni aliyekubali kufundishwa na watu aliokwenda kuwafundisha.

Wamisionari walifika karibu wakati mmoja, kila kundi na njia yake. Waanglikana wa C.M.S. walifungua Kigari mwaka 1910, mapadri wa Consolata wakaingia Meru mwaka 1911, na Wamethodisti wakaanza Kaaga mwaka 1912, mahali ambapo wazee waliomsimulia mwanahistoria Jeffrey Fadiman walipataja kuwa pa waganga na pa kuogopwa. Kanisa la Scotland lilimpeleka Chogoria Dakta Clive Irvine mwaka 1922. Watu hawa walikuwa na huruma na ushujaa, na makaburi yasiyochimbwa, ya wagonjwa waliopona, ndiyo shahada yao. Lakini waliuhubiri msalaba kwa lugha ya mahakama: sheria imevunjwa, hakimu hawezi kuachilia, hukumu lazima itekelezwe, na Mwana akasimama kizimbani mahali petu. Nao waliwahubiria watu ambao mahakama waliyoijua ilikuwa ya Bwana D.C., waliotozwa kodi ya nyumba, waliofungiwa kipande shingoni, na ambao walikuwa wamekwisha kuona kijiji kizima kikinyang'anywa mifugo kwa kosa la wachache. Sielewi jinsi msikilizaji wa namna hiyo angeweza kumtenga Mungu wa mahubiri hayo na serikali iliyomlinda mhubiri.

Jambo ambalo wanafunzi wa katekisimu hawakuelezwa, na ambalo wengi hawaelezwi hata leo, ni kwamba mfano wa mahakama ni tafsiri moja tu miongoni mwa nyingi. Kanuni ya imani ya mwaka 381 ilikiri kwamba Kristo alisulubiwa kwa ajili yetu, ikanyamaza juu ya namna ambavyo kifo kile kinatuokoa, wala hakuna mtaguso mkuu wa karne za mwanzo uliolifunga jambo hilo. Wako mababa waliosema kwamba Kristo alitolewa kuwa fidia kwa Shetani, na Gregory wa Nazianzus akalikataa wazo hilo kwa ukali katika karne ya nne, akakataa vilevile kwamba Baba alipendezwa na damu ya Mwanawe. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alifikiri kwa desturi za mabwana wa zama zake, akaiona dhambi kuwa ni kuivunjia heshima enzi ya Mungu, heshima ambayo lazima irudishwe. Abelard, aliyemfuatia kwa muda mfupi, akajibu kwamba msalaba ni upendo unaoufunua moyo wa Mungu ili mioyo yetu igeuke. Ni Calvin, aliyesomea sheria kabla ya kuwa mwanadini, ndiye aliyeutia nguvu mfano wa adhabu, na Waskoti wa Chogoria walikuwa warithi wake. Mkristo wa Meru aliyeteremka Mombasa kutafuta kazi alikutana na jambo zito zaidi, maana Waislamu wa pwani husoma katika Sura ya An-Nisaa kwamba Isa hakuuawa wala hakusulubiwa, na kwamba Mwenyezi Mungu ni Ghafuri na Rahimu pasipo kuhitaji mpatanishi wa damu. Swali la wazee, basi, lilikuwa na ndugu mashariki na magharibi.

Miaka ya mateso ilikuja kulitia moto jambo lililokuwa la fikra. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka 1937, na katika miaka iliyofuata ukapanda mpaka Embu na Meru pamoja na wimbo wa Tukutendereza. Wafuasi wake, walioitwa ndugu wa Wokovu, waliungama dhambi zao hadharani na kusema kwamba wameoshwa kwa damu ya Yesu. Kisha Hali ya Hatari ikatangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na katika vijiji vya Wakikuyu, Waembu na Wameru watu wakatakiwa kula kiapo kwa nyama na damu ya mbuzi ili waungane kuikomboa ardhi. Wengi wa ndugu wa Wokovu walikataa, wakisema kwamba waliokwisha kuinywa damu ya Kristo hawawezi kuinywa damu nyingine. Baadhi yao walipigwa, na wako waliouawa. Nawaheshimu watu hao bila kusita, kama ninavyowaheshimu waliokwenda msituni kupigana na serikali pamoja na Musa Mwariama wa Meru, ambao nao waliamini kwamba damu yao ni sadaka kwa ajili ya kaumu. Msomaji atazame jinsi pande zote mbili zilivyosimama juu ya itikadi moja ya kale: kwamba damu humfunga mtu na watu wake. Waliloachana juu yake ni watu gani, na damu ya nani. Hakuna hata upande mmoja uliosema kwa matendo yake habari ya adhabu inayohamishwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Walisema habari ya agano.

Serikali, kwa upande wake, ilishika lugha ya toba ikaifanya kuwa chombo cha kutesea. Katika kambi za Mwea walikofungwa waliokula kiapo, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, mfungwa hakuelekea kwake mpaka aungame, na kuanzia mwaka 1957 ungamo hilo lilitafutwa kwa kipigo kilichopangwa na kuruhusiwa. Maghufira yanayonunuliwa kwa mateso ndiyo waliyoyaona watu wetu kwa macho yao Mwea, na sioni vipi mhubiri wa Kenya anaweza kusimama Ijumaa Kuu akamweleza Mungu kwa sura hiyo hiyo asitetemeke.

Wasomi wa pande hizi walikuja kulichukua swali hilo kwa njia zao. John Mbiti wa Kitui, jirani wa Wambeere ng'ambo ya mto Tana, aliandika mwaka 1968 kwamba haja kuu ya Mwafrika ni kumjua Kristo kuwa mshindi wa nguvu zile zinazomtisha ambazo yeye mwenyewe hana dawa yake. Ni jambo ambalo Gustaf Aulén wa Sweden alikuwa amelitetea mwaka 1930 kuwa ndiyo imani ya Kanisa la mwanzo. Na kabla yao, Philip M'Inoti, miongoni mwa wachungaji wa kwanza wa Kimethodisti katika Meru, alikuwa ameandika kwa Kiswahili habari za Asili ya Wameru na Tabia Zao, maandishi yanayostahili kusomwa katika kila chuo cha uchungaji cha nchi hii, kwa sababu ndani yake Mkristo anawataja wazee wake pasipo kuwaaibisha.

Mwanafunzi wa wazee wa Embu akiusoma mfano wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka ataona jambo ambalo wafasiri wengi hulipita. Baba anamwona mwanawe angali mbali, anamwendea mbio, anamkumbatia, anamvika vazi na pete. Na baada ya hayo yote, ndipo anapoamuru ndama aliyenona achinjwe. Ndama hakuchinjwa ili baba apate kusamehe, maana alikuwa amekwisha kusamehe njiani. Alichinjwa ili nyumba ile na kijiji kile wale pamoja na aliyerudi, na aliyekataa kula, yaani kaka mkubwa, ndiye pekee aliyekuwa na hesabu ya deni kichwani. Mzee aliyekaa chini ya mugumo angeifahamu karamu hiyo tangu neno la kwanza, na ningependa kuisikia sauti yake katika mahubiri ya Pasaka.

Msomi mwingine wa pande hizi, Profesa Jesse Mugambi, aliyezaliwa Embu mwaka 1947 na kufundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaambia viongozi wa makanisa ya Afrika waliokutana Nairobi mwaka 1990 kwamba umefika wakati wa kuacha kuishi kwa mfano wa kutoka Misri peke yake, na kuushika mfano wa ujenzi mpya. Mtu aliyemchagua kuwa kielelezo alikuwa Nehemia. Katika kitabu cha Biblia chenye jina la Nehemia, maskini wa Yerusalemu wanalia kwamba wameyaweka rehani mashamba yao na kuwatia watoto wao utumwani kwa sababu ya madeni. Nehemia hakumtafuta mtu wa tatu awalipie. Aliwakusanya wadai mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba, mizabibu, nyumba na riba waliyotoza. Nao wakakubali, naye akawaita makuhani, akawaapisha.