Kirumi: Kijiji cha Watemi wa Mvua

Umefika Kirumi, wilayani Mkalama, kijiji kidogo kilichokuwa makao ya watemi wa Waisanzu. Utemi ulishikwa na wawili, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja, nao ulirithiwa kwa upande wa mama. Mmoja peke yake hakuweza kuleta mvua, na ushirika huo ndio urithi mkubwa wa mahali hapa. Mvua zilipochelewa na uwele ukaanza kunyauka shambani, alitafutwa kondoo wa tambiko: mweusi tii, asiye na doa, kama wingu lililobeba maji. Serikali ilifuta utemi miaka ya mwanzo ya Uhuru, lakini hata miaka ya 1990 matambiko yalikuwa bado yakifanyika. Tafadhali usihamishe jiwe lolote.