PETE ZA TUNGSTENI: CHIMBUKO LAKE NI BALBU, SIO SONARA!

Wadau, zile pete nzito za kijivu wanazovaa mabwana harusi siku hizi ni tungsteni kabaidi. Hazichubuki hovyo, msumeno wa kawaida hauzikati. Ila zikibanwa sana na koleo zinapasuka, maana ni ngumu lakini hazipindi.

Kitu chenyewe kilitoka Ujerumani. Osram, watengeneza balbu, walikuwa wanavuta waya mwembamba kwa kuupitisha kwenye kitundu cha almasi. Bei mbaya! Mafundi wao wakachanganya unga wa kabaidi na kobalti, wakaushindilia, wakauchoma kwenye tanuru ukashikana. Wakausajili 1923. Krupp wakauingiza sokoni kwa jina Widia, yaani "kama almasi". Ukawa unakata chuma balaa.

Hapo ndipo ulaji ulipoanza. 1928 General Electric ya Marekani ikakubaliana na Krupp, na bei kule ikaruka kutoka dola 50 hivi mpaka zaidi ya 400 kwa ratili moja. Ghali kuliko dhahabu ya wakati ule! Karakana ndogo zingeweza wapi? Kesi ikafunguliwa, na 1948 mahakama ya New York ikawatia hatiani.