Saratani ikirudi, nani anaandika?

Ukipanda metro namba 5 kituo cha Étangs Noirs, Molenbeek, jijini Brussels, hubadilishi treni mpaka Erasme, mwisho wa reli upande wa Anderlecht. Huko ndiko ilikohamia, mwishoni mwa 2021, Taasisi ya Jules Bordet, hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 1939 karibu na Porte de Hal. Mama wa Molenbeek aliyetibiwa saratani ya titi sasa anafika kliniki bila shida. Swali analokwenda nalo, kwamba je, itarudi, ndilo lisilo na jibu la haraka.

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 20 ya mambo mawili yaliyotoka Brussels, yote ya kuhesabu. La kwanza ni Rejista ya Saratani ya Ubelgiji, iliyoundwa 2005 na yenye takwimu za nchi nzima tangu 2004. Kila saratani mpya huandikwa pamoja na hatua iliyofikia, na kifo nacho hujulikana. Ndiyo maana tunaweza kusema kwamba Ubelgiji takriban wanawake tisa kati ya kumi wanaopata saratani ya titi huwa hai miaka mitano baadaye. Lakini ugonjwa ukirudi na kuingia mifupani mwaka wa saba, tukio hilo haliandikwi kwa utaratibu kama lile la kwanza. Watafiti wa huko wamelazimika kulikisia kutokana na kumbukumbu za malipo ya bima: dawa gani ilianzishwa upya, lini. Nchi tajiri kama hii!

Kuhesabu marudio hakukuanza leo. Mwaka 1894 William Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore, alijivunia kwamba kati ya wanawake wake 50 saratani ilirudi kwa watatu tu. Hesabu hiyo ilihusu eneo la kovu. Mtafiti Mwingereza Janet Lane-Claypon alileta nidhamu katika hesabu za saratani miaka ya 1920, na Denmark ikaanza rejista ya taifa ya saratani 1942.

Jambo la pili la 2005 ndilo lililozua ugomvi. Kundi la kimataifa la utafiti wa saratani ya titi, BIG, lililoasisiwa na Martine Piccart wa Bordet pamoja na Aron Goldhirsch, lilikuwa likiendesha jaribio la HERA kuhusu dawa ya trastuzumab, ijulikanayo madukani kama Herceptin. Makala yao ilipotoka Oktoba mwaka huo ilikuwa na wanawake 5,081. Baada ya kufuatiliwa kwa wastani wa mwaka mmoja, ugonjwa kurudi na matukio mengine ya aina hiyo yalikuwa 220 kwa wasiopewa dawa, na 127 kwa walioitumia mwaka mmoja. Vifo vilikuwa 37 kwa 29, tofauti ndogo mno kujengea hoja.

Basi madaktari wakagawanyika. Daktari Gabriel Hortobagyi wa Houston alizipokea habari hizo kwa shangwe katika jarida lilelile lililozichapa. Jarida la The Lancet, mwezi uliofuata, likaonya kwamba mwaka mmoja ni mfupi na madaktari wasikurupuke. Wakati huo mambo yalikuwa yameshabadilika: wanawake wa kundi lisilopewa dawa walikuwa wameruhusiwa kuipata, na zaidi ya nusu yao waliichukua. Wanahisabati walisikitika, kwa kuwa kundi la kulinganisha lilivunjika. Mimi nasema walioruhusu walifanya vema. Nani angemwambia mgonjwa akae akisubiri jedwali likomae? Hata hivyo, ripoti ya 2017 ilionyesha kwamba baada ya miaka kumi asilimia 69 ya waliopewa dawa hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa, dhidi ya 63. Faida halisi huenda ni kubwa kuliko hiyo.

Hapo ndipo utata wa takwimu “mpya” unapojitokeza. Tarakimu ya miaka kumi humhusu mwanamke aliyeugua miaka kumi iliyopita na kutibiwa kwa dawa za wakati ule. Na walio kwenye majaribio wamechaguliwa. Hata nje ya majaribio si wote wanaofikiwa: Brussels hutoa picha ya matiti bure kila miaka miwili kwa wenye umri wa 50 hadi 69, lakini anayeitika ni takriban mmoja kati ya kumi. Wengine huenda kwa madaktari wao. Asiye na daktari ndiye wa kumhofia.

Kwetu, Kampala ina rejista tangu 1951, iliyokatizwa na vurugu za utawala na vita kisha ikafufuliwa. Uandikishaji wake ni mzuri, ila mgonjwa akirudi kijijini hupotea. Utafiti ulioandikisha wanawake kati ya 2014 na 2017 katika Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini ulitumia njia nyingine: simu ya mkononi kila miezi mitatu, kwa mgonjwa au ndugu yake. Matokeo yalichapishwa 2020. Baada ya miaka mitatu nusu walikuwa hai. Uganda na Zambia ilikuwa asilimia 44 hadi 47, Nigeria 36. Namibia, kwa wanawake weusi ilikuwa asilimia 56, na kwa weupe wa nchi hiyohiyo, 90.