Daktari Aulize Dawa ya Nyumbani

Majuzi nilikuwa Tarime. Mama mmoja aliniambia alikunywa mitishamba siku tatu kabla ya kwenda hospitali, lakini hakumwambia daktari. "Angenigombeza," alisema. Kimya hicho ni hatari, maana baadhi ya mitishamba huzidisha au hupunguza nguvu ya dawa za hospitali.

Historia inatuonyesha njia nyingine. Mwaka 1959 China ilimpeleka mfamasia wake, Tu Youyou, msomi wa sayansi ya kisasa, kusomea tiba ya asili kwa miaka miwili na nusu. Baadaye, akitafuta dawa ya malaria, alisoma kitabu cha karne ya 4, akatambua kuwa moto uliharibu nguvu ya mmea. Mwaka 1972 ikapatikana artemisinini; mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayomeza Tarime na Mugumu ina asili yake huko.

Nasi hatukulala. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, kikawa Taasisi mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Lakini sheria peke yake haimfundishi daktari wa wilaya kuuliza kwa upole: "Mama, umetumia dawa gani nyumbani?"

Simwombi daktari amwamini kila mganga. Naomba asomeshwe kuuliza, kusikiliza na kupima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi daktari asiwe sababu ya kuficha.