Data ikipotea: Jinsi ya kuilinda na kuiokoa katika joto na mafuriko ya Garissa

KATIKA lugha ya Kisomali, neno iftin lina maana ya nuru. Kwenye wadi inayobeba jina hilo mjini Garissa, kama ilivyo kwingineko Kaskazini Mashariki mwa Kenya, simu na kompyuta zimechukua nafasi ya sanduku la bati ambamo wazee walihifadhi stakabadhi za familia. Vyeti vya kuzaliwa, hesabu za duka, orodha za mifugo na picha za jamaa waliofariki sasa vimo ndani ya kifaa kinachotoshea kiganjani.

Hasara ya kupoteza data si ndogo. Kwa miaka mingi, hadi Rais William Ruto alipotangaza mwaka wa 2025 kuondolewa kwa mchujo wa ziada, vijana wa kaunti za mpakani walihitajika kufika mbele ya kamati maalumu ili wapate vitambulisho. Aliyekosa stakabadhi za wazazi wake alijikuta njia panda. Nakala iliyopigwa picha na kuhifadhiwa vyema haichukui nafasi ya cheti halisi, lakini humrahisishia mwenyewe kazi ya kukitafuta upya.

Jinsi data inavyohifadhiwa

Diski kuu ya kawaida ina sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku. Nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusoma kikielea juu yake bila kuzigusa. Pengo lililopo ni dogo kiasi kwamba chembe moja ya vumbi yaweza kuwa mwamba. Ndiyo maana diski hiyo hufungwa kiwandani, na kuifungua mezani pa fundi ni kuiangamiza.

Simu, flashi na kompyuta nyingi mpya hazina sahani. Hizo huhifadhi data kwa chaji ndogo za umeme zilizonaswa ndani ya vijisehemu vya kumbukumbu. Haziharibiki kwa urahisi zikianguka, lakini chaji hizo huvuja polepole kifaa kikikaa muda mrefu bila umeme, na joto huharakisha uvujaji huo. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba iliyowekwa kwenye flashi na kusahaulika kabatini huweza kuoza.

Maadui wa data

Joto ndilo adui wa kwanza. Kampuni ya Apple hushauri simu zake zitumike mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Mchana wa Garissa, hasa Februari na Machi, kiwango hicho hupitwa mara kwa mara. Simu iliyoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa huumia zaidi. Vumbi nalo huziba feni ya kompyuta na kuzidisha joto ndani yake.

Adui wa pili ni umeme usiotabirika. Ukikatika wakati diski inaandika, jedwali linaloonyesha mahali ilipo kila faili huweza kuvurugika, na ukirudi kwa kishindo huunguza saketi. Kwa ofisi au duka la huduma za kompyuta, kifaa cha UPS si anasa.

Wa tatu ni maji. Mto Tana ulifurika mwaka wa 2018, ukafanya hivyo tena 2023 na 2024, na familia nyingi zikalazimika kuhama makwao. Nakala mbili zilizo katika chumba kimoja husombwa pamoja.

Aidha, kuna wizi na virusi. Mnamo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilivamia kompyuta katika mataifa zaidi ya 150, vikafunga faili na kudai fidia. Virusi vya aina hiyo huweza kufunga pia nakala iliyo kwenye diski ya nje ikiwa imeachwa imechomekwa.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni inayofuatwa hadi leo: kuwe na nakala tatu za kila data muhimu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na zile nyingine. Mwalimu wa Iftin anaweza kubaki na faili kwenye kompyuta ya shule, akaweka nakala kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye hifadhi ya intaneti. Asiye na intaneti ya kutosha anaweza kumkabidhi jamaa aliye mji mwingine flashi yenye nenosiri. Ni muhimu pia kuzifungua nakala hizo mara kwa mara ili kuhakikisha kuwa zinasomeka.

Data ikishapotea

Faili inapofutwa kwenye diski ya sahani, kinachoondolewa kwanza ni anwani yake tu. Maandishi yenyewe hubaki hadi nafasi hiyo iandikwe kitu kingine. Kwa hivyo, mwenye kompyuta aache kuitumia mara moja, na programu ya kuokoa data isiwekwe kwenye diski ileile. Kwenye diski zisizo na sahani, nafasi hiyo mara nyingi husafishwa mapema, na matumaini hupungua.

Diski ikianza kugonga-gonga, izimwe papo hapo, kwa maana kila mzunguko waweza kukwaruza sahani. Kifaa kilicholoa kisiwashwe wala kuchajiwa ili kujaribu. Simu isizikwe ndani ya mchele, kwani chembe zake zaweza kuingia ndani na kuiharibu.

Hata hivyo, kukata tamaa ni haraka mno. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika Februari 1, 2003 na kuua wanaanga wote saba. Diski iliyookotwa kwenye mabaki ilikuwa imeungua, lakini wataalamu wa kampuni ya Ontrack waliokoa takriban asilimia 99 ya data yake, na matokeo ya utafiti uliokuwemo yakachapishwa mwaka wa 2008.

Kabla ya kuuza kifaa

Wanaouza simu kuukuu wanapaswa kuhamisha data, kuondoa akaunti zao na kurejesha simu katika hali ya kiwandani. Mwaka wa 2003, watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani walieleza jinsi walivyonunua diski 158 zilizotumika na kukuta humo maelfu ya nambari za kadi za benki.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaka taasisi, zikiwemo shule na hospitali, kulinda taarifa za watu. Taarifa hizo zikiangukia mikononi mwa wasiohusika na kuwe na hatari ya madhara, Kamishna wa Data hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Sheria, lakini, humwajibisha mkosaji. Hairudishi picha ya marehemu iliyopotea. Kinachoirudisha ni ile nakala ya tatu, iliyowekwa mbali kabla Tana haijafurika.