HISTORIA YA NGUO NA VIRAKA KATIKA MWAMBAO WA RUMONGE, NA KAZI YA AKINA MAMA WETU KAMBINI



Katika toleo hili la kumbukumbu Kamati imetuomba sisi walimu tuandike juu ya kikundi cha akina mama wanaoshona mablanketi ya viraka. Wapo watakaouliza: kwa nini viraka, wakati mambo makubwa ya kuandikwa ni mengi? Jibu letu ni hili. Watoto tunaowafundisha, wengi wao wamezaliwa kambini. Ukimwuliza mtoto kwao ni wapi, anataja zoni na namba ya nyumba. Jina la Minago au Kizuka au Kigwena analisikia nyumbani tu, wazazi wanapozungumza usiku, naye hajui kama ni mlima, mto au mtu. Akina mama hawa wameanza kulitibu tatizo hilo kwa sindano na uzi. Kwa hiyo tumeona ni vema kueleza kazi yao kuanzia mizizi yake.

1. Nguo za kwanza

Wazee wa zamani wa Burundi walivaa ngozi na impuzu, yaani nguo ya gome la mti. Gome lilibanduliwa, likalowekwa, kisha likapondwa kwa nyundo ya mti mpaka likawa laini na pana. Palipotoboka palishonwa kipande kingine. Hivyo kiraka katika nchi zetu ni cha zamani kuliko pamba.

Nguo ya pamba ilitufikia kwa njia ya ziwa. Misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka Ujiji mitumbwi ilifuata mwambao kwenda kaskazini. Ilileta kaniki na merikani, na merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Kutoka ng'ambo ya Kongo, nchi ya Manyema, zilikuja nguo zilizofumwa kwa nyuzi za rafia. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuta biashara hiyo inaendelea, na nguo zilitumika kama fedha. Mfalme Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa watumwa wasiingie ndani ya nchi yake, lakini mwambao ulibaki mlango wa bidhaa. Ndiyo sababu Kiswahili kilikaa Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura kabla hakijasikika sana milimani. Lugha na nguo zilisafiri katika mtumbwi mmoja.

2. Leso ni viraka

Watu wengi hawajui kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuunganisha vipande. Katikati ya karne ya 19, wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, waliona vitambaa vya mkononi ambavyo Wareno waliviita lenço, na sisi tukaviita leso. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa havijakatwa, kimoja kimefuatana na kingine. Mwanamke alinunua sita, akakata katikati apate vitatu na vitatu, akavishona pamoja, akapata nguo moja pana ya kujifunga. Baadaye wenye maduka walipoona mtindo huo unapendwa, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa namna ileile. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na katika karne ya 20 kanga zikaanza kuandikwa maneno.

Fundisho tunalolipata hapa ni kwamba aliyebuni kanga ni mwanamke mwenye sindano, na kiwanda kilimfuata nyuma.

3. Pamba ya Imbo na mafundi wa barazani

Kwetu, pamba ililimwa katika tambarare ya Imbo, hasa upande wa Rusizi. Mjini Bujumbura kilijengwa kiwanda cha nguo cha COTEBU kwa msaada wa China, na katika miaka ya 1980 vitenge vyake vilivaliwa nchini kote. Kiwanda hicho kilifungwa katikati ya miaka ya 2000. Mama zetu wengi walikuwa na kitenge cha COTEBU sandukuni. Na siku ya arusi walijifunga imvutano, ile nguo ya heshima inayopitishwa begani.

Mjini Rumonge, kama katika miji mingine ya Waswahili, fundi aliweka cherehani yake barazani mbele ya duka. Fundi alikuwa mwanaume kwa kawaida. Vipande vilivyoanguka chini ya cherehani watoto waliokota, na mama nyumbani alivigeuza kuwa mto, kata ya kubebea ndoo, au kiraka cha kaptura. Alipokuwa navyo vingi, aliunganisha shuka la kumfunika mtoto mchanga. Kazi hiyo haikuuzwa wala haikuwa na jina kubwa. Ilikuwa namna ya kutotupa kitu.

4. Miaka ya kukimbia

Hatuwezi kueleza blanketi bila kueleza kwa nini viraka vyake vimetawanyika. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika mwambao wetu, Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wasio na hatia wakauawa. Baada ya hapo serikali ya wakati ule ikaua watu wengi mno nchini kote. Wanaokadiria hutaja kati ya 100,000 na 300,000. Waliosalimika walivuka kwa mitumbwi na kwa miguu. Tanzania ikawapa makazi Ulyankulu na Katumba, na kuanzia mwaka 1978 Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikazuka, na watu wakakimbia tena. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa kutoka Uvira, Baraka na Fizi. Mwaka 2015 ikawa zamu yetu tena. Maelfu kwa maelfu walijikuta kwenye ufuko wa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inachukua watu mamia kwa safari hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawaleta Nyarugusu.

Mtu anayekimbia hachagui cha kubeba. Hata hivyo mama wa kwetu hakosi kitenge, kwa sababu ndicho kinachombeba mtoto mgongoni. Kitenge kilikuwa mbeleko njiani, pazia kwenye hema, shuka usiku, na sanda kwa waliotutoka pale ufukweni. Kilipochakaa kabisa hakikutupwa. Kilisubiri.

5. Jinsi blanketi linavyoshonwa

Kikundi kilianza kwa akina mama wachache waliokaa pamoja mchana kurekebisha nguo za mitumba. Hapo walikuwamo Warundi wa mwambao na Wakongo wa ng'ambo. Wote wanazungumza Kiswahili, na wote wamekula samaki yuleyule, ambaye Warundi humwita mukeke na watu wa Kigoma humwita mgebuka.

Kazi inafanywa hivi. Nguo kuukuu hufuliwa, hupigwa pasi ya mkaa, na sehemu iliyo imara hukatwa miraba ya shibiri moja. Kila mama hupewa mraba wake, akashone juu yake picha ya kitu cha kwao. Mmoja ameshona mchikichi na kichala chekundu, kwa sababu Rumonge ni nchi ya mawese. Mwingine ameshona mtumbwi wenye taa, kama inavyoonekana usiku wavuvi wanapovua ndagala, ziwa likawa kama mji. Yuko aliyeshona msitu wa Kigwena, na yuko aliyeshona maji ya moto ya Mugara yakitoa mvuke wa uzi mweupe. Wenzetu wa Kongo wameshona milima ya Ubwari. Miraba ikishaunganishwa, blanketi la msaada lililochakaa huwekwa katikati, shuka huwekwa chini, na vyote vitatu hushonwa kwa mkono kutoka juu hadi chini ili visitembee.

Sisi walimu tumelipeleka blanketi moja darasani katika somo la jiografia. Watoto walitafuta miraba ya wazazi wao, wakaulizana njia: kutoka Minago ukienda kusini unafika wapi? Tumeona mtoto akimsahihisha mwalimu kwamba Karonda haipo juu mlimani. Ramani ya ukutani haijawahi kuzua ubishi wa namna hiyo.

6. Mjadala juu ya majina

Palitokea pia jambo zito. Baadhi ya akina mama walitaka kushona majina ya ndugu waliouawa, wa mwaka 1972, wa 1993 na wa 2015. Wazee waligawanyika. Wengine walisema jina lisiloandikwa hupotea. Wengine wakajibu kwamba blanketi ni kitu cha kulalia, na si heshima mtu kulalia jina la marehemu. Wengine wakaogopa kwamba majina yakiwekwa pamoja watu wataanza kuhesabu: wafu wa nani ni wengi, na nani aliwaua. Hapa kambini tunaishi mlango kwa mlango na watu ambao wazee wao hawakuwa upande mmoja.

Mazungumzo yalichukua vikao kadhaa, na tunawasifu waliovumilia. Mwishowe walikubaliana mambo matatu. Kwanza, jina la mtu lisishonwe. Lishonwe jina la mahali. Pili, kila mraba uoneshe kitu ambacho jirani yeyote wa mahali hapo angekitambua, awe wa kabila lolote au dini yoyote. Tatu, mwenye kutaka kumkumbuka marehemu wake atumie kipande cha nguo ya marehemu huyo, bila maandishi. Kwa hiyo katika mablanketi hayo vimo vipande vya mashati na vitenge ambavyo ni mshonaji peke yake anayejua vilikuwa vya nani. Sisi tunaona uamuzi huo ni wa busara. Kumbukumbu imebaki, na chuki haikupewa mahali pa kukaa.

7. Wenzetu duniani

Kazi hii si ya kwetu tu. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wako Wasiddi, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari zamani. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi kwa sari kuukuu. Huanzia ukingoni wakielekea katikati, na kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maana yake maua. Wamong waliokimbia Laos baada ya 1975 walishona katika kambi ya Ban Vinai, Thailand, vitambaa vyenye picha za safari yao ya kuvuka mto Mekong. Wanawake wa Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, walishona juu ya magunia habari za ndugu zao waliopotea, wakati magazeti yalikuwa hayathubutu kusema. Na mjini Nairobi, tangu mwaka 1996, wanawake wakimbizi kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakishona pamoja katika mradi wa Amani ya Juu. Tunataja hayo ili akina mama wetu wajue kwamba wana ndugu wa kazi.

8. Blanketi litakwenda wapi?

Swali hili ndilo linalotusumbua sasa. Tangu mwaka 2017 misafara ya kurudi Burundi imeondoka mara nyingi. Aliyeondoka ameacha mraba wake katikati ya miraba ya wengine, na huwezi kuukata bila kuharibu kazi yote. Wengine wameshona mraba wa pili unaofanana na wa kwanza, wakaenda nao. Wanaorudi Rumonge wanajua pia tatizo la ardhi: mashamba ya waliokimbia mwaka 1972 yalikutwa na watu wengine, na tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea mashauri mengi sana kutoka kwetu. Tuseme wazi: mraba wa kitambaa si hati ya shamba, na asiwepo mtu wa kudanganywa kwamba ataupeleka barazani akashinda kesi. Lakini mtoto anayejua jina la mahali, miti yake na majirani zake, anarudi kama mtu anayefika kwao. Asiyejua lolote anarudi kama mgeni.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo:

(a) Mablanketi makubwa yasiuzwe kwa wageni wanaotembelea kambi, hata wakitoa bei nzuri, bila wote walioshona kukubali. Madogo na mifuko inaweza kuuzwa ili kununua nyuzi.

(b) Wafanyakazi wa mashirika watusaidie sindano, nyuzi na vitambaa vilivyobaki katika miradi, lakini picha za kushona ziendelee kuchaguliwa na akina mama wenyewe.

(c) Vijana wa kiume nao wakaribishwe. Kule Rumonge fundi alikuwa baba, na sindano haina mwenyewe.

(d) Siku ambayo kambi itafungwa, mablanketi yakabidhiwe shule au misikiti na makanisa ya pande zote mbili za ziwa, yasiachwe katika ghala.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kipande kimoja cha kitenge kuukuu hakimfuniki hata mtoto mchanga, lakini vikiunganishwa wanalala watu wanne. Tunawashukuru akina mama kwa kutuonesha jambo hilo kwa mikono yao, na tunaiomba Kamati iwatafutie mahali penye mwanga pa kufanyia kazi kabla masika hayajaanza.