Mtoto na Mizani ya Sheria

Katika nchi yetu hii ya mpakani, kutoka Osieko penye ufuo wa ziwa hadi Malaba, mtoto azaliwapo wazee huuliza kwanza atapewa jina la nani miongoni mwa waliotangulia. Kwa jina hilo hufungwa na ukoo wake. Basi mtu akisikia ya kwamba yuko mzazi aliyekwenda mahakamani kudai fidia kwa sababu amezaliwa mtoto, hana budi kushangaa. Mimi pia nilishangaa. Lakini mwenye kuifuata historia ya madai hayo ataona kuwa anayeshtakiwa si mtoto, bali ni tabibu aliyefanya kazi yake kwa uzembe.

Kesi za awali hazikuletwa na watu waliotafuta watoto, bali na waliotaka kukoma kuzaa. Huko Scotland, mume na mke wenye watoto wanne waliambiwa kwamba mume amekwisha kufungwa uzazi. Kisha akazaliwa wa tano. Kesi yao, iitwayo McFarlane, iliamuliwa na Baraza la Malodi, London, mwaka 1999. Mama alistahili kulipwa kwa taabu ya mimba na uchungu wa kuzaa, lakini gharama za kumlea mtoto mzima wa afya zilikataliwa. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kinyume, majaji wanne dhidi ya watatu. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, mjini Nairobi, ilisikiliza madai ya mama aliyetajwa kwa herufi AAA tu. Alikwenda hospitali kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba, akashika mimba. Mahakama ilimpa haki yake, pamoja na gharama za malezi.

Wakati huo matibabu ya namna nyingine yalikuwa yamekwisha kuenea. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kampala walimpata wa kwanza wao mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Tumaini likawafikia wengi waliokuwa wakichekwa na majirani. Pamoja nalo ikaja hatari mpya, maana mbegu huhifadhiwa katika vichupa, na vichupa huweza kubadilishana.

Ndivyo ilivyotokea Singapore. Mwanamke wa asili ya Kichina, mkewe Mjerumani, alijifungua mwaka 2010, na rangi ya mtoto haikufanana na ya mzazi yeyote. Mbegu iliyotumika ilikuwa ya mwanamume mwingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikataa kuyahesabu malezi ya mtoto kuwa hasara, lakini ikakubali kwamba mama amepotezewa kitu: uhusiano wa nasaba kati ya mtoto na jamaa zake. Kwa hasara hiyo ilimpa asilimia 30 ya gharama za malezi. Kwa nini 30, wala si 20 au 50? Hesabu hiyo sikuielewa vema. Hasara yenyewe naielewa. Nadhani wazee wetu wangaliielewa upesi kuliko malodi wa London.

Sheria zetu zimekwenda polepole. Nchini Kenya, Millie Odhiambo alileta Bungeni muswada juu ya matibabu haya zaidi ya mara moja tangu mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka, Sarah Opendi, akiwa mbunge wa wanawake wa Tororo, wilaya tunayoitazama kutoka Malaba, aliandaa muswada wa mwaka 2023.

Wazazi wa Singapore walilitambua kosa kwa rangi ya ngozi. Kwetu, mbegu ya Mteso ikiwekwa mahali pa mbegu ya Msamia, nani angetia shaka? Hakuna ambaye angewaza kupima damu. Kosa lingekaa kimya nyumbani, na mtoto angeitwa kwa jina la babu asiye wake.